Mwinjilisti Aliyekwisha Kushukuru

Majina yalimshinda. Nianze na hilo, maana hapa kijijini kwetu Daudi watu walimjua kwa hilo kabla hawajamjua kwa mahubiri. Umemleta mtoto wako abatizwe, jana yake Mwinjilisti amekunywa chai kwako, lakini leo mbele ya watu anakuita kwa jina la wifi yako. Siku ya kumzika Petro wa Gwandu alisimama pale kaburini, akafungua kitabu, akasema kwa sauti yake ile kubwa, "Tunamrudisha ndugu yetu Paulo mavumbini." Paulo alikuwa mdogo wake marehemu, na alikuwa amesimama palepale ameshika sepetu. Akajibu taratibu, "Mwinjilisti, mimi bado nipo." Hata mjane alicheka, akajificha uso kwenye kanga.

Baada ya msiba ule wazee wa kanisa waliniweka mimi benchi la mbele. Shule niliiacha mapema, lakini jina likiniingia halitoki. Walikuwa wamejaribu kumwandikia majina kwenye karatasi, karatasi akaisahau nyumbani pamoja na miwani. Basi kazi yangu ikawa kumnong'oneza. Ukifika wakati wa kutaja watu anainama upande wangu kidogo, mimi nasema, yeye anarudia. Hakuwa anafikiri. Nilichosema ndicho kilichotoka. Siku moja koo lilinikaba, nikamnong'oneza, "Ngoja kidogo," naye akatangaza kwa nguvu, "Ngoja Kidogo," na kanisa zima likaitikia, "Bwana utusikie." Kuna mtu yeyote hapa kwetu aliyeombewa sana kuliko huyo Ngoja Kidogo? Watu walimuulizia hali yake mwaka mzima.

Jina lake yeye mwenyewe ninalo, la ubatizo na la baba yake. Siliandiki hapa kwa sababu halikuwa likitumika. Mkewe alimwita Baba Rebeka, sisi wengine wote Mwinjilisti, na watoto wadogo walidhani amezaliwa nalo.

Alikuwa na baiskeli. Nilimwona akiisukuma kuliko kuipanda. Milima ya kwetu mnaijua, kupanda nayo huwezi na kushuka nayo unatafuta kuvunjika, lakini yeye hata mahali pa tambarare aliisukuma. Alisema akiipanda anawapita watu bila kuwasalimia. Na salamu zake zilikuwa ndefu. Mimi nilikuwa nimemtangulia miaka michache, kwa hiyo hata siku aliyovaa joho lake la kanisa alinipa shikamoo kwanza, na hakuendelea mpaka nimesema marahaba. Kisha anaingia kwenye lugha yetu ya Kiiraqw: ng'ombe wanaendeleaje, vitunguu saumu vimeshika, yule mwenye mguu amepona, maharage yamepata ukungu? Majina ya watu hakuyashika, lakini alikumbuka ng'ombe wa kila nyumba na kila ugonjwa. "Mama mwenye ng'ombe aliyevunjika pembe" alikuwa Magdalena. Yeye alimjua kwa pembe.

Koti lake lilikuwa zito, la kahawia, na alilivaa wakati wa baridi na wakati wa jua vilevile. Kuimba hakujua na hakukubali kwamba hajui. Kwaya walimwomba asimame mbali na maikrofoni, akasogea, ila akaongeza sauti. Mahubiri yake yalikuwa mafupi kwa sababu alijua wanawake tumeacha chungu jikoni. "Nitamaliza kabla maharage yenu hayajaungua," alisema kila Jumapili, na kweli alimaliza.

Ukali wake ulikuwa sehemu moja tu, kwenye ushuhuda. Kwetu mtu akiponywa, au akiacha jambo baya, anasimama mbele anawaambia watu. Mwinjilisti hakupenda ushuhuda mbichi. Paskali wa kule bondeni alisimama siku moja kusema ameacha pombe. Hajafika katikati, Mwinjilisti akamuuliza, "Umeacha lini?"

"Juzi," Paskali akasema.

"Rudi ukae. Utatuambia mwakani, tukishaona."

Paskali alirudi akakaa, na watu wakacheka, lakini mwaka uliofuata alisimama kweli. Mwinjilisti akamshika mkono mbele ya wote. Alituambia ushuhuda ni kama kufunga zizi jioni: umeshahesabu, umeshafunga, hufungui tena kuangalia.

Na kwenye ugonjwa hakuwa mtu wa kusema tuombe tu mambo yaishe. Magdalena alipokuwa na uchungu wa kuzaa kwa siku nyingi, mkwe wake akimficha ndani, Mwinjilisti ndiye aliyeingia akasema, "Nimeshamwombea njiani. Sasa leteni machela." Alisukuma watu wengi kwenda hospitali. Aliwasema wanaume wanaokaa na homa mpaka wanakaushwa nayo. Ndiyo maana yaliyompata yeye mwenyewe sikuyatarajia.

Tumbo lilikuwa limemsumbua muda mrefu. Akila nyama ya mafuta au maziwa yenye samli, maumivu yanamkamata chini ya mbavu za kulia, yanapanda mpaka begani, anatapika. Alikwenda hospitali ya Haydom, wakampiga picha ya tumbo, wakaona mfuko wa nyongo umejaa mawe. Walimpasua wakautoa. Daktari akamwonyesha yale mawe kwenye kikopo, akamuuliza kama atapenda kwenda nayo nyumbani. Akasema, "Hapana, shambani kwangu yako mengi."

Alipona vizuri. Akanenepa, akarudi kula nyama. Mavuno yalipofika alitufanyia jambo ambalo hakuna aliyelisahau. Wengine tulileta debe la mahindi, kuku, vitunguu saumu vilivyosukwa. Yeye alikuja anakokota dume lake, lile jeusi lenye baka jeupe kifuani, dume ambalo watu wa Dongobesh walikuwa wamelitaka akakataa. Alilifunga kwenye mti wa uzio wa kanisa, akasimama mlangoni ambapo wa ndani na wa nje wote watamsikia.

"Nilimwomba Mungu habari ya tumbo hili," akasema. "Amenipa. Leo nashukuru, na nikishashukuru nimemaliza. Hamtanisikia tena nikiomba habari ya tumbo hili."

Tukasema amina. Dume lilipigwa mnada baada ya ibada, na jiko la kanisa likaezekwa bati.

Ikapita miaka. Mfuko umetolewa, mawe yametupwa, sisi tulidhani habari imekwisha. Yeye alidhani zaidi yetu.

Mimi nilianza kuona macho. Alikuwa ameinama kunipa shikamoo nje ya kanisa, jua limempiga usoni, nikaona ile sehemu nyeupe si nyeupe, imeingia umanjano kama ngozi ya limau.

"Mwinjilisti, macho yamefanya nini?"

"Vumbi, Bibi. Jana tulikuwa tunapukuchua mahindi."

Vumbi la mahindi nalijua maisha yangu yote. Linafanya macho mekundu. Nikawa namwangalia tu. Akaanza kujikuna. Wakati wa wimbo anajisugua mgongo kwenye nguzo kama ng'ombe, na watoto wanachekea mikononi. Siku nyingine nilipita kwake bila hodi ya mbali, nikamkuta amekaa nyuma ya nyumba, amevua shati kwenye baridi ile, anajikuna mgongo kwa gunzi. Ngozi ilikuwa na mistari kama imelimwa. Aliponiona akavaa shati haraka akaniuliza habari za ng'ombe.

Mama Rebeka alinifuata kisimani. Ni mwanamke mpole, hasemi ovyo mambo ya ndani, ila siku ile aliweka ndoo chini akasema yote. Homa inamjia na kutetemeka mpaka kitanda kinalia, wanamfunika mablanketi, kisha jasho. Mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokaa jikoni. Choo kimepauka kama majivu. Maumivu yamerudi palepale pa zamani. Alikunywa dawa za malaria za dukani. Alikwenda zahanati kimya kimya, wakampima, malaria hakuna, nesi akamwambia, "Mzee, hii manjano si ya kukaa nayo, nenda hospitali kubwa." Akarudi nyumbani, akamkataza mkewe kusema.

"Anasemaje ukimwambia aende?" nikamuuliza.

"Anasema ameshashukuru, Mama."

"Ndiyo nini?"

"Anasema mtu akishashukuru kitu harudi kuomba kilekile. Ni kumwambia Mungu ulichonipa kilikuwa kibovu. Na anasema akina Paskali watamwangaliaje. Yeye ndiye aliyewarudisha watu kwenye mabenchi."

Nilikwenda kwake mwenyewe. Alinikaribisha, tukanywa chai, nikamwambia wazi, "Mwinjilisti, unakufa."

"Kila mtu, Bibi."

"Wewe unakwenda mbele ya foleni. Ule ugonjwa umerudi."

"Hauwezi kurudi. Mfuko haupo. Nitaugua vipi kitu nisichokuwa nacho?"

"Basi nenda wakuambie ni kipi."

Alitazama chai yake. "Nikipanda basi la Haydom, kabla halijafika Dongobesh watu wote wanajua. Watasema lile dume lilitolewa bure. Ni afadhali niugue kimya kuliko kuondoa neno nililolisema mlangoni pa kanisa." Kisha akaniuliza kama mbuzi wangu ameshazaa, na sikupata tena nafasi.

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani akiwa na homa. Nilimwona ameshika meza ya madhabahu kwa mikono miwili, koti limefungwa mpaka shingoni, jasho linamshuka. Alihubiri kidogo sana siku ile, hata maharage hakuyataja. Tukafika kwenye maombi ya wagonjwa. Akainama upande wangu kama kawaida.

Nikamnong'oneza, "Agnesi wa Tluway."

"Agnesi wa Tluway," akasema. Watu wakaitikia, "Bwana utusikie."

"Mtoto wa Yuditha, aliyeungua."

"Mtoto wa Yuditha, aliyeungua."

"Bwana utusikie."

Nikamtajia Isaya mwenye kifua, akamtaja. Kisha nikamnong'oneza jina lake yeye, la ubatizo na la baba yake, kwa sauti ileile niliyowatajia wengine.

Akalisema. Lilitoka lote, kwa ile sauti yake kubwa, na kanisa likaitikia, "Bwana utusikie," kabla hata halijajiuliza. Nikamsikia Paskali nyuma akiuliza, "Huyo ni nani? Mgeni?" Na mama mmoja mzee, Emiliana, ambaye walikua naye kijiji kimoja, akamjibu bila kushusha sauti, "Ni huyohuyo mbele yako."

Mwinjilisti alisimama vile vile, ameshika meza. Niliona shingo yake imeelewa kabla uso haujaelewa. Watu walikuwa wanamtazama macho, na ukishamtazama macho mtu yule siku ile huhitaji kuelezwa. Hakuna aliyecheka. Nilidhani atatoka nje. Akainama tena upande wangu akasema kwa chini, "Endelea."

Nikamtajia Mariamu, mke wa fundi. Akamtaja. Tukamaliza orodha.

Baada ya ibada alikaa kwenye ngazi ya mlango, ule mlango aliosimama siku ya kutoa dume. Hakunipa shikamoo. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Umeniombesha kwa nguvu, Bibi."

"Sauti ilikuwa yako."

"Nilisema sitaomba tena."

"Ndiyo. Na sasa umeomba, tumesikia wote na tumeitikia. Mtu aliyeomba anasubiri jibu wapi? Kwenye kitanda chake nyuma ya nyumba, na gunzi?"

Paskali alikuwa amesogea, kofia mkononi. Nilidhani atasema neno la kulipiza, maana nafasi aliipata. Akasema tu, "Mwinjilisti, gari la mjomba linakwenda Haydom kesho asubuhi. Nimwambie akupitie?"

Mwinjilisti akajibu, "Mwambie."

Tulikwenda naye mimi na Mama Rebeka. Walimlaza siku ileile, wakamtundikia dripu za dawa kwa sababu damu ilikuwa imeshaanza kuchafuka. Daktari alikuwa binti, miaka ya mjukuu wangu mkubwa, alimpa shikamoo vizuri kabla ya kumgusa tumbo. Akampiga picha. Mwinjilisti akamwambia kwa ukali kidogo, "Mimi mfuko wa nyongo sina. Ulitolewa."

"Najua, mzee, kovu naliona. Mfuko ulikuwa ghala tu. Ini lako bado linatengeneza nyongo kila siku, na inashuka kwenda utumboni kwa mrija. Ule mrija bado unao. Jiwe limetengenezeka mle ndani, limeziba, na nyongo ikikosa njia inarudi kwenye damu. Ndiyo hayo manjano na kuwashwa."

"Baada ya miaka yote hii?"

"Inatokea. Kwa wachache, lakini inatokea, hata baada ya miaka mingi."

Nilimwona anapanga swali lake. "Kwa hiyo ule wakati sikupona?"

"Ulipona. Ule ulikuwa ugonjwa wa mfuko, na uliisha. Huu ni wa mrija."

"Basi sikusema uongo."

"Uongo gani, mzee?"

"Nilitoa ng'ombe."

Binti alinitazama mimi, akamtazama yeye. "Ng'ombe mzima?"

"Dume," akasema Mwinjilisti, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani nikaona anataka kucheka.

Walimfungua, wakatoa jiwe, wakaacha mrija wa mpira umetoka ubavuni kwenda kwenye mfuko wa plastiki. Nyongo ilishuka mle, kijani kama maji ya majani ya kunde. Kwa wiki kadhaa alitembea nao wodini ameubeba kama mtu anayekwenda sokoni. Umanjano ukatoka polepole, kuwashwa kukaisha kwanza. Daktari alimwambia wazi kabla ya kuondoka kwamba mrija uliougua hivyo unaweza kujikunja kwa makovu, ukaziba tena. Akiona macho yamebadilika, au homa na kutetemeka, asikae nyumbani hata siku moja.

Mavuno ya mwaka ule watu walisubiri kuona atafanya nini. Alileta debe la maharage kama sisi wengine. Akasimama, akasema, "Nashukuru kwa hapa nilipofika," akakaa.

Baadaye kazi ilimzidi, akastaafu, akahamia Nangwa kwa binti yake Rebeka, ambako nchi ni tambarare na barabara iko karibu. Nilikuwa sijamwona tangu wakati huo. Mwaka huu, baada ya mvua, nilikwenda kumtembelea, nimebeba vitunguu saumu kwenye kiroba. Mama Rebeka alikuwa amesafiri kwenda msibani, yeye nilimkuta amekaa nje anachambua mbaazi, amekonda, kichwa kimekuwa cheupe chote. Alisimama kwa shida akanipa shikamoo yangu yote, na kuuliza kila mnyama.

Tukaongea kuhusu Daudi. Nikamwambia waliokufa na waliooa, akasikiliza na kutikisa kichwa, na najua hakumshika hata mmoja. Nikamuuliza kama bado anaona aibu ya lile dume.

"Hapana," akasema. "Unajua, Bibi, nilikuwa namwonea Mungu huruma. Nilidhani amechoka na mimi."

Kisha akaweka ungo wa mbaazi chini, akavua miwani. "Niangalie macho. Rebeka kila asubuhi ananiambia meupe. Ananipenda sana huyu mtoto, simwamini."

Nilimgeuza kwenye jua. Nikavuta kope la chini kwa kidole, jicho moja, halafu la pili. Rebeka alikuwa amesimama mlangoni na kanga mabegani, ananitazama mimi si yeye.

"Yameanza," nikamwambia.

"Mengi?"

"Kidogo. Pembeni."

"Na usiku nilitetemeka," akasema. Akavaa miwani yake. "Rebeka, weka chai kwenye chupa. Basi la Haydom linapita saa ngapi?"

Rebeka alianza kulia, baba yake akamwambia alie akiwa anafungasha. Tulikwenda barabarani watatu, yeye katikati, taratibu. Gari liliposimama kondakta akachungulia akaona mzee na mikoba.

"Mzee, sokoni au hospitali?"

"Hospitali," akasema, sauti ileile ya kanisani. "Nilipasuliwa nyongo, nikapona. Mrija ukaziba, nikapona. Sasa nadhani umeziba tena, naenda kuwaomba waufungue."

Ndani watu waligeuka wote. Kondakta akamshika mkono. "Pole sana, mzee. Pita kiti cha mbele."

Alipanda, Rebeka nyuma yake na chupa ya chai. Nilibaki chini karibu na dirisha nikamsikia anawauliza wale wa ndani, "Na nyie mnaumwa nini?" Wengine walicheka. Dereva alikuwa bado anasubiri abiria mmoja aliyekuwa anakimbia na kuku wake, na kabla gari halijaondoka mwanaume mmoja wa kiti cha nyuma alikuwa ameshasogea mbele, amekaa kwenye gunia, anamweleza Mwinjilisti habari za figo zake.